Ulimi wa Reli Ukikaa Katikati

Mimi natoka sehemu isiyo na reli. Kisii haina, Nyamira haina, na haijawahi kuwapo. Waingereza walileta yao kutoka Mombasa hadi ziwani mwaka wa 1901, pale walipopaita Port Florence na sisi tunapaita Kisumu, wakatupita huku milimani na ndizi zetu. Hadi leo SGR ikitajwa tu ndani ya matatu ya Keroka, lazima mtu aulize itapita shamba la nani na mwenye shamba atalipwa ngapi. Kwa hivyo ni kichekesho kidogo kwamba swali la maadili lililokataa kutoka kichwani mwangu ni swali la reli.

Swali lenyewe labda umekutana nalo, hata kama ni kwenye meme. Mwanafalsafa Mwingereza Philippa Foot aliliandika mwaka wa 1967, tena kama mfano mdogo tu ndani ya makala iliyohusu utoaji mimba. Tramu imeshindwa kusimama. Mbele yake kuna watu watano kwenye reli. Dereva anaweza kuigeuza iingie njia ya pembeni, lakini huko nako kuna mtu mmoja. Baadaye Mmarekani Judith Jarvis Thomson akalikoroga zaidi: akamtoa dereva, akamweka mpita njia kando ya swichi, mtu aliyekuwa anajiendea zake. Sasa yeye ndiye ameshika wenzo, ule mkono wa chuma unaogeuza njia. Auvute amuue mmoja, ama auache wafe watano?

Nililisikia darasani mwaka wangu wa kwanza chuoni. Darasa liligawanyika mara moja. Kuna waliohesabu: watano ni wengi kuliko mmoja, stori imeisha. Kuna waliosema kuua si sawa na kuacha mtu afe. Na kuna jamaa wa nyuma, kama kawaida, aliyetaka kujua kama huyo mmoja ni wa ukoo wao. Tulicheka, lakini nadhani yeye ndiye aliyekuwa karibu na maisha kuliko sisi wote.

Afrika Mashariki tumewahi kuwa na treni ya kweli isiyosimama. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria yenye zaidi ya watu elfu moja ilishindwa kwenye mwinuko, ikaanza kurudi nyuma, ikashika kasi, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Nikisoma habari zile simwoni mpita njia yeyote aliyesimama kando ya swichi akipima watano na mmoja. Naona mlima, breki, na watu waliokuwa wamekaa kwenye viti walivyolipia. Wahandisi wa reli wanajua jambo hili tangu zamani. Mahali penye mteremko mkali kuna reli zinazowekewa njia fupi ya kutorokea, inayopanda mlima ama kuishia kwenye mchanga, ili behewa lililotoroka liende kufia huko peke yake. Mtu aliichora njia ile akiwa ofisini, hana presha, miaka mingi kabla ya ajali yoyote. Kwa maoni yangu huyo ndiye aliyejibu swali la Foot, na hakuna anayemsoma darasani.

Lakini hayo yote sikuyajua wakati ule, kwa sababu sikuwa najua swichi yenyewe inavyofanya kazi. Niliijua baadaye, Nyamira, kwenye kitreni cha watoto.

Binamu yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Daraja Mbili, Kisii. Kazi yake ni milango, madirisha na mikokoteni ya maji. Desemba watu wakirudi kutoka Nairobi wanakuja na watoto ambao hawaelewi mtu anakaaje siku nzima akitazama ng'ombe, na hapo ndipo pesa ilipo. Wengine huleta majumba ya kuruka ya kujazwa hewa. Yeye akatengeneza treni. Reli ni chuma kile cha pembe cha kutengenezea madirisha, kimechomelewa juu ya mataruma ya mbao, upana wa dhiraa moja hivi. Kichwa cha treni kina mota ya tuktuk ya umeme, betri ziko chini ya kiti cha dereva. Watoto wanakaa juu ya mabehewa kama wamepanda punda, miguu huku na huku. Raundi mbili shilingi hamsini.

Mwanzo ilikuwa duara tu. Watoto wa siku hizi duara inawachosha haraka. Mwaka uliofuata akaongeza treni ya pili inayokuja upande wa pili, na ili zipishane akahitaji mahali ambapo reli inagawanyika mara mbili kisha inaungana tena. Yaani swichi mbili. Na swichi zikahitaji mtu. Huyo mtu ni mimi: shilingi mia nane kwa siku, chakula cha mchana, na fulana ya rangi ya machungwa.

Hebu nieleze, maana hapa ndipo falsafa ilinigeukia. Pale reli inapogawanyika kuna vipande viwili vya chuma vilivyochongwa vikawa vyembamba kama kisu. Tuviite ndimi. Vimefungwa pamoja kwa chuma kinachopita chini yake, kwa hivyo ukivuta wenzo vinasogea vyote kwa mara moja: mmoja unalala kwenye reli ya kushoto huku mwenzake akiachana na ya kulia, ama kinyume chake. Gurudumu lina ukingo kwa ndani, na ukingo ule unafuata ulimi. Ulimi ukilala vizuri, treni inaenda unakotaka. Usipolala vizuri, ukiacha nafasi hata ya kidole, gurudumu moja linaweza kufuata njia hii na jingine njia ile. Treni haichagui. Inaanguka.

Kwa hivyo swichi ina hali tatu, si mbili. Kushoto, kulia, na katikati. Wanafalsafa wote niliowasoma wananipa mbili. Hii ya tatu, ambayo kila mtu wa reli anaiogopa kuliko zile nyingine, hawaitaji.

Kitreni chetu kinaenda mwendo wa mtu anayewahi matatu. Usidhani basi hakuna hatari. Watoto wanane juu ya chuma chembamba, uzito wote uko juu, kikilala upande mmoja kuna mtoto wa mtu chini yake. Krismasi moja mtoto alikula parachichi akarusha mbegu, ikaenda kutua kati ya ulimi na reli. Mimi nimevuta wenzo, wenzo umekubali, mkononi nahisi kama kumefunga. Macho yakaniambia tofauti. Nikainua bendera nyekundu, treni ikasimama, nikatoa mbegu. Haikuchukua dakika. Baba mmoja aliyekuwa anarekodi video akaniuliza kama nimelipwa kuwaharibia watoto raha.

Sasa niseme kwa nini hiyo hali ya katikati inanihusu.

Nyumbani kwetu ni majani chai. Kuna malipo ya kila mwezi ya kununua sukari na sabuni, halafu kuna bonasi mara moja kwa mwaka, ambayo ndiyo inayolipa kila kitu kikubwa. Mwaka ambao mimi nilikuwa chuo kikuu mwaka wa pili, dada yangu anayenifuata alikuwa ameanza kusomea uuguzi. Bonasi haikuwa nzuri. Mzee ni mtu wa haki, na haki kwake ni mizani, kwa hivyo akaigawa katikati. Nusu kwangu, nusu kwake. Hakuna aliyependelewa. Matokeo yake ni kwamba mimi nilizuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya salio, na yeye akazuiwa kwa sababu ya salio, wiki moja. Tukakutana nyumbani na mabegi, tukaangaliana.

Nimefikiria sana ile nusu kwa nusu. Ukiitazama kwa macho ya darasa la falsafa ni usawa mtupu. Ukiitazama ukiwa umesimama kando ya swichi, ni ulimi uliokaa katikati. Aliyevuta hakutaka kumwumiza yeyote, na treni zote mbili zikalala chini.

Kikao kikaitwa. Baba, mama, baba mdogo aliyekuja na pikipiki kutoka Nyansiongo, na magokoro, yaani nyanya yetu, kwenye kiti chake. Ikaonekana kwamba uuguzi una kazi mwishoni. Ikaonekana kwamba kozi ya dada ni fupi. Ikaonekana kwamba hii yangu, falsafa na fasihi, hakuna aliyeweza kusema inafungua mlango gani. Sikiliza hicho kitenzi: ikaonekana. Nani aliona? Kiswahili chetu cha vikao kina kipaji cha kuvuta wenzo bila mkono. Mwishowe nikaambiwa, "Wewe pumzika kidogo. Mwaka ujao utarudi."

Uamuzi wenyewe siupingi. Ungenipa mimi wenzo ningeweza kabisa kuuvuta upande ule ule. Leo dada ni muuguzi, analipwa, na nyumba ile inamtegemea. Kwenye hesabu ya watano na mmoja walipata jibu sahihi, hata jamaa wa nyuma angekubali. Kinachonikaa kooni ni hilo neno la mwisho. Mwaka ujao. Kwa miaka miwili niliishi kama mtu aliye stesheni. Sikuuza vitabu. Kitambulisho cha chuo nilikiweka kwenye pochi mbele ya kile cha taifa. Kila bonasi nilipiga pasi shati. Hakuna aliyekuwa amenitengea njia yoyote, lakini taa ilikuwa kijani.

Mwaka wa 1856 Mwingereza aitwaye John Saxby alipata hataza ya mtambo ambao, kwangu, ni kitabu cha maadili kilichoandikwa kwa chuma. Kabla yake, kwenye makutano ya reli mtu angeweza kugeuza swichi huku na kuonyesha ishara kule. Njia imefungwa kwenda kulia, ishara inamwambia dereva wa kushoto apite. Saxby akaunganisha wenzo za swichi na za ishara ili zifungane. Mitambo ya aina hiyo ilipokomaa, huwezi kushusha ishara ya "pita" kabla ulimi haujalala mahali pake, na ukiishaishusha, wenzo zote zinazoweza kuleta treni nyingine pale zinakataa kusogea. Unavuta, hazitoki.

Angalia kile mtambo ule unachokifanya na kile usichokifanya. Haukuambii treni ipi ipite kwanza. Hilo haulijui wala haulitaki. Haukuzuii kuchagua vibaya. Unakuzuia jambo moja tu: kumwambia dereva njia ni yako wakati njia si yake.

Tumebishana miaka na miaka kuhusu upande wa kuvuta, mmoja ama watano, dada ama kaka, na mara nyingi pande zote mbili zina watu wetu na hakuna jibu safi. Mimi nimeanza kuamini kwamba dhambi kubwa ya kwenye swichi haiko hapo. Iko kwenye taa. Unaweza kumnyima mtu njia ukabaki mtu mwema, kwa sababu njia ni chache na pesa ni ile ile ya majani chai. Kumwashia kijani kwenye njia ambayo hujaitengeneza ni kitu kingine kabisa, na tunakifanya kila siku kwa sauti ya upole. Mwajiri anayesema "tutakupigia." Mpenzi anayesema "nipe muda" akiwa ameshaondoka. Mwanasiasa na stadi, barabara, na hiyo SGR.

Magokoro ana jibu lake, na si jibu dogo. Nilipomweleza haya alisema mtoto ukimwambia wazi hakuna kitu, anakata tamaa, na aliyekata tamaa hana tofauti na aliyekufa. Ile "mwaka ujao" ilikuwa blanketi. Walinifunika nayo. Amewaona vijana wa kijiji walioambiwa ukweli mchana na jioni wako kwenye chang'aa. Sikuwa na la kumjibu siku ile. Jibu nililipata kwenye reli yenyewe: ishara za treni si mbili tu. Kuna ya tahadhari. Inasema njoo, lakini polepole, na uwe tayari kusimama mbele. Dereva akiiona hakati tamaa, anapunguza mwendo. Kwa lugha ya kikao ingekuwa: hatujui kama utarudi, tutajua bonasi ya Oktoba, kwa sasa tafuta kitu cha kufanya. Ni sentensi ngumu kutamka mbele ya mtoto wako. Nadhani ugumu huo ndio uliofanya blanketi lionekane rahisi.

Na kabla mtu hajaniambia basi tuweke mitambo kila mahali, mitambo nayo ina ukomo wake. Wales, Januari 1921, kituo kidogo cha Abermule. Pale reli ilikuwa njia moja ya kwenda na kurudi, na dereva hakuruhusiwa kuingia bila kibao maalumu chenye jina la kipande cha njia yake. Mitambo ya Edward Tyer ilihakikisha kwamba kwa kila kipande kibao kinatoka kimoja tu kwa wakati mmoja. Siku ile mitambo haikukosea. Kibao kilipita mkono hadi mkono kwa wafanyakazi wa kituo, kila mmoja akidhani mwenzake amekisoma, hadi dereva akarudishiwa kile kile alichokuja nacho. Hata yeye hakukisoma. Akaondoka, akakutana uso kwa uso na treni iliyokuwa na kibao halali. Watu 17 walikufa. Nikisoma kisa kile naona sebule yetu, kila mtu akiamini mwenzake ndiye aliyenieleza.

Binamu yangu hana habari na Abermule. Shida yake ni mshahara wangu. Mwaka jana aligundua kitu kinachotumika kwenye vitreni vingi vya aina yetu duniani: springi. Unaiweka kwenye ulimi ili kila wakati uusukume kushoto. Treni ikija kwa mbele inaenda kushoto, haina hiari. Ikitoka upande wa pili, magurudumu yenyewe yanausukuma ulimi, yanapita, na springi inaurudisha. Ukiweka springi mbili, moja kila mwisho, treni zinapishana kutwa nzima bila mtu. Ni kitu kizuri kukitazama, hata kama kinakula chakula changu.

"Nikifunga pande zote mbili," akaniuliza, "wewe binamu utakuwa unafanya nini?"

"Nitakuwa naangalia."

"Kuangalia si kazi. Siwezi kulipa mtu aangalie."

Nikamkumbusha ile mbegu ya parachichi. Springi ingeibana pale pale, ulimi ungebaki wazi kidole kimoja, na springi haina bendera. Akanyamaza, akawasha mashine yake ya kuchomelea, ambayo ndiyo njia yake ya kukubali. Tukaishia na springi upande mmoja na wenzo upande mwingine, ambako watoto wanapandia.

Halafu kukatokea jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelipanga. Kijana wa jirani, miaka kumi na miwili, aliomba kushika wenzo. Binamu akakataa kabla hajamaliza sentensi. Mimi nikamweleza kuhusu Budapest. Huko Hungary kuna reli nyembamba ya milimani, zaidi ya kilomita kumi na moja, ilianza mwaka wa 1948, na hadi leo wanaouza tiketi, wanaoonyesha ishara na wanaogeuza swichi ni watoto wa miaka kumi hadi kumi na minne. Wanaoendesha kichwa cha treni ni watu wazima, na watu wazima wanawasimamia. Lakini saluti ile ni ya mtoto. Sharti mojawapo la kuchukuliwa ni alama nzuri shuleni, kwa hivyo mimi na hiki cheti changu nusu ningekuwa abiria.

Tulimpa kijana wenzo nikiwa nimesimama nyuma yake. Kanuni ni moja, tuliitunga sisi: ukishavuta, unainama unatazama ulimi kwa macho yako, unasema kwa sauti kile unachokiona, ndipo unashika bendera ya kijani. Si kile ulichokusudia. Unachokiona. "Umefunga kushoto." Siku nzima alikuwa akisema hivyo, kwa sauti ya kengele ya shule, na hakuna hata mara moja aliyoinua bendera kwanza. Watoto waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuitikia naye. Baba mwingine akarekodi video.

Kitinda mimba wetu amemaliza kidato cha nne. Alama zake ni nzuri, kozi ameitiwa, mkopo wa serikali utabeba kiasi na kiasi kingine kitatoka pale pale kwenye majani chai na kwa dada. Jumapili moja Mzee alianza, "Wewe usijali, utasoma tu," nami nikamwomba aandike. Tuko na shilingi ngapi, zinafika semesta gani, na nani amesema atatoa nini. Akaniuliza kama amekuwa stesheni masta. Mama akacheka. Lakini akaandika, nyuma ya risiti ya mbolea, akimwita dada kwa simu kuuliza kiasi chake, na alipomaliza akampa mtoto mwenyewe mkononi badala ya kunipa mimi.

Kijana akasoma polepole. Akauliza kuna nini baada ya semesta ya tatu.

"Hapo," Mzee akasema, "sijui."

Akaikunja ile risiti mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaomba apitishiwe chumvi.